Ea klina za Subaru STI: ipi inaongeza nguvu, ipi inaongeza sauti tu

Subaru STI nyingi zilizoko Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam zilishuka melini zikiwa tayari zimeguswa huko Japani. Unafungua boneti, unakuta boksi la ea klina la kiwandani halipo na mahali pake pana kichungi cha wazi cha Kijapani: uyoga wa HKS, au koni ya Blitz au Apexi. Nyingine zimefika na boksi lake, na mwenye gari ndiye anayetaka kulitoa. Kwa wote wawili maswali ni yaleyale: kifaa hiki kinaongeza nguvu kiasi gani, na kitailinda injini kwenye vumbi letu?

Tathmini hii inahusu STI za soko la Japani zenye injini ya EJ207 ya lita 2.0: hatchback ya GRB iliyoanza kuuzwa mwaka 2007 na sedani ya VAB iliyoanza 2014. Zote mbili zilitoka kiwandani zikiwa na farasi 308 na toki ya Nm 422. Mwenye GDB, yaani STI ya kizazi kilichotangulia, atafaidika na mengi humu, ila mabomba yake ya mbele yamepangwa tofauti.

Hukumu iwe wazi tangu mwanzo. Kwa gari la barabarani lenye turbo ya kiwandani, usanidi bora ni boksi lake la asili, kichungi bapa kikavu chenye ubora, na bomba la mpira la kwenda turbo lisilo na ufa. Koni iliyofungiwa ndani ya boksi lake inafuata, kwa sharti kwamba kompyuta itatyuniwa, yaani mipangilio yake irekebishwe ilingane na kifaa kipya. Koni iliyo wazi katikati ya joto la injini inashika mkia, hata ikiwa na jina kubwa.

Hewa inakwama wapi

Kwenye GRB na VAB hewa huingilia nyuma ya grili juu ya rejeta, hufuata mfereji wa plastiki hadi kwenye boksi, huvuka kichungi, hupita mbele ya sensa ya MAF (inayopima hewa inayoingia) kwenye mdomo wa boksi, kisha huingia bomba la mpira linalojipenyeza chini ya manifoldi hadi turbo. Injini ya farasi 300 hivi ikikanyagwa hadi mwisho humeza takriban gramu 240 hadi 270 za hewa kila sekunde. Pwani hizo ni lita mia mbili na ushee kwa sekunde. Nairobi, ambako hewa ni nyepesi, uzito uleule wa hewa unahitaji ujazo mkubwa zaidi kwa karibu sehemu moja ya tano.

Hapo ndipo mwinuko unapobadilisha hesabu. Dar es Salaam shinikizo la hewa ni karibu kPa 101. Nairobi ni karibu 83. Chukua busti (shinikizo ambalo turbo inaongeza) ya baa 1.2, na tuseme njia ya hewa inapoteza kPa 5 kabla ya kufika turbo. Dar, turbo isiyo na kizuizi ingebana hewa mara 2.19, kizuizi kile kinailazimisha ibane mara 2.30. Nairobi ingekuwa mara 2.45, na kizuizi kinaisukuma hadi mara 2.60. Turbo ya Nairobi tayari inafanya kazi ngumu zaidi, na kila kPa iliyopotea kwenye ea klina inaiumiza kuliko ile ya pwani. Ndiyo sababu kichungi kilichoziba kinasikika haraka Limuru au Nakuru, wakati Tanga dereva anaweza asikigundue.

Lakini usidhani kwamba ukiondoa kizuizi busti itapanda. Kompyuta ya Subaru ina lengo lake la busti na hulifuata, tena hulipunguza yenyewe kadiri mwinuko unavyoongezeka. Unachopata ni turbo kuamka mapema kidogo na kusukuma hewa isiyo ya moto sana kwenda kwenye intakula, kipoza hewa kilicho kati ya turbo na injini. Kwa gari la kawaida faida hiyo ni farasi wachache, na tofauti ya farasi wawili watatu imo ndani ya makosa ya daino (mashine ya kupimia nguvu ya gari) yenyewe. Anayekuuzia kichungi bapa kwa ahadi ya farasi kumi na tano muulize hewa hiyo ya ziada inatoka wapi.

Siri ya grafu ya daino

Koni nyingi huja na bomba lake ambalo MAF inahamishiwa. Na kuna grafu halali kabisa zinazoonyesha farasi kumi au zaidi baada ya kulifunga. Wanatoka wapi?

Sensa ya MAF haipimi hewa yote. Inapima kasi ya hewa inayopita kwenye uzi mmoja wa moto, na kompyuta inazidisha kwa jedwali lililoandikwa kwa kipenyo cha bomba la kiwandani. Ukifunga bomba pana zaidi, hewa ileile inapita polepole, na kompyuta inaamini imeingia kidogo. Kwa mfano, kutoka kipenyo cha mm 70 kwenda mm 73 eneo linaongezeka kwa karibu asilimia 9. Tofauti ya milimita tatu, ambayo jicho halioni, inaifanya kompyuta ikose karibu asilimia 8 ya hewa yote.

Mambo mawili yanafuata. Kwanza petroli inapungua. STI za kiwandani hutiwa petroli kwa wingi kwenye mzigo mkubwa ili kupoza chumba cha mwako, kwa hiyo ukipunguza kidogo nguvu huongezeka. Pili, kompyuta huona mzigo ni mdogo kuliko ulivyo, nayo huchagua muda wa cheche ulio mbele zaidi. Petroli kidogo na cheche ya mapema: farasi hao ni wa kweli, ila wametolewa kwenye akiba ya usalama ya injini. STI ya Japani ilipangwa kwa petroli ya oktani 98 hadi 100, ambayo ndiyo daraja la juu katika vituo vya huko. Pampu zetu ziko chini ya hapo, kwa hiyo sehemu ya akiba hiyo ilikwisha kuliwa siku gari lilipojazwa mafuta kwa mara ya kwanza hapa. Ukiongeza MAF inayosoma uongo, injini inaanza kugonga (mchanganyiko unalipuka wenyewe ndani ya silinda), na kwenye EJ kugonga huvunja kuta nyembamba za pistoni zilizo kati ya ringi.

Ni kweli kompyuta hujirekebisha. Kwenye mwendo wa kawaida husoma sensa ya mbele ya ekzosi, hujifunza kosa, na kwenye Subaru sehemu ya marekebisho hayo hutumika hata ukikanyaga hadi mwisho. Lakini yana kikomo, na umbo la kosa kwenye bomba geni halifanani kwa kasi zote. Linaweza kuwa asilimia 3 kwenye mwendo wa taratibu na 10 juu. Ndiyo maana msemo wa kwamba "kompyuta itazoea yenyewe" unaua injini.

Vifaa vyenyewe

Kichungi cha karatasi cha Subaru. Watu hukidharau kwa sababu ni cha kawaida, na hapo wanakosea. Kikiwa kipya kinapitisha hewa ya kutosha kwa farasi zote 308, na kinakamata vumbi laini vizuri kuliko karibu kila kitu kingine utakachofunga. Udhaifu wake ni kwamba hakioshwi. Kwa anayepita barabara za murram kikaguliwe kila kilomita 5,000 na kibadilishwe kinapobadilika rangi hadi ndani ya mikunjo. Kukipuliza kwa kompresa hutanua matundu yake, hivyo utakuwa na kichungi kinachoonekana safi lakini kinapitisha mchanga. Angalia pia mpira wa pembeni: cha bandia huwa na ukingo mgumu usiobanwa sawasawa na boksi. Ukikunja ukingo kwa vidole urudi wenyewe taratibu. Ukibaki umekunjika, kiache dukani.

Kichungi bapa cha pamba na mafuta, kama cha K&N. Kimetengenezwa vizuri, kinaoshwa, kinadumu miaka. Tatizo linaanzia mikononi mwa anayekiosha. Kinahitaji kukauka kabisa kivulini kisha kupakwa mafuta yake maalumu, mstari mwembamba juu ya kila mkunjo, na kuachwa hadi rangi isambae sawa. Mafuta yakiwa machache vumbi linapita. Yakizidi yanaweza kuhamia kwenye uzi wa MAF, ambao ni mwembamba kiasi kwamba utando mdogo tu unapotosha usomaji. Mwenye subira atakipenda. Gari linaloachiwa gereji yoyote ioshe kila kitu, lisifungwe kichungi hiki.

Kichungi bapa kikavu cha sintetiki, kama DryFlow ya AEM. Hiki ndicho chaguo letu la kwanza kwa Afrika Mashariki. Kinaoshwa kwa maji na sabuni ya kichungi, hakina mafuta ya kuzidisha, na kinakaa ndani ya boksi la kiwandani kwa hiyo jedwali la MAF linabaki sahihi. Usitarajie kusikia tofauti ya nguvu. Utalipia udumu wake.

Uyoga wa HKS. Elementi yake ni sponji yenye unyevu wa mafuta, nayo ni ya kubadilishwa. Kwenye gari lililotoka Japani huenda ikawa na miaka kadhaa, na sponji huoza kwa joto. Ibane kwa kidole gumba: ikiacha chembe kama makombo ya mkate, usiliwashe tena gari hadi uibadilishe, kwa sababu makombo hayo yanaelekea kwenye pangaboi la turbo linalozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Sauti yake inapendwa na inastahili kupendwa. Lakini likiwa wazi nyuma ya taa linavuta hewa ya rejeta.

Blitz SUS ni mtandao wa chuma kisichoshika kutu. Kwa barabara za lami na mashindano mafupi ni kizuri, kinapitisha hewa nyingi na hakiozi. Kwa njia ya vumbi hatukipendekezi hata kidogo. Matundu ya mtandao hayawezi kukamata vumbi jembamba kama karatasi. Apexi Power Intake ni kavu na mdomo wake umechongwa vizuri kuituliza hewa kabla ya MAF, kwa hiyo kati ya koni za Kijapani ndiyo tungeiacha kwenye gari, mradi ijengewe ukuta wa kuizuia joto.

COBB SF na GrimmSpeed StealthBox za Marekani zimefikiriwa zaidi. SF inaweza kununuliwa pamoja na boksi lake, na StealthBox, kama jina lake, ni boksi kamili linaloizunguka koni na kuchukua hewa ya mbele. Watengenezaji wenyewe wanasema wazi kwamba zinadai kutyuni. Angalizo kubwa kwa wasomaji wetu: ramani za kompyuta ambazo COBB huuza zikiwa tayari kwa STI ya Marekani ziliandikwa kwa injini ya lita 2.5, EJ257. Yako ni EJ207 ya lita 2.0 yenye turbo ya twin scroll (inayopokea ekzosi kwa njia mbili). Ramani ya injini nyingine haiingii humo, na fundi anayekuambia zinafanana mkimbie. Tena vipimo vilichorwa kwa gari la usukani wa kushoto, hivyo muuzaji athibitishe kwa maandishi kwamba kit inakaa kwenye la kulia kabla hujatuma pesa.

Zipo pia zile ndefu zinazopeleka koni chini nyuma ya bampa ili kupata hewa ya baridi. Hewa ni ya baridi kweli. Ila mvua za masika zikijaza Jangwani pale Morogoro Road, au barabara za Nairobi mwezi wa Aprili, koni ipo usawa wa maji. Maji hayabanwi. Kikombe kimoja kikiingia silinda, fimbo ya pistoni inapinda kabla hujatoa mguu kwenye pedeli. Kwa gari la kila siku aina hii isifungwe.

Koni wazi inapoteza nini kwenye foleni

Hewa hupungua uzito kwa karibu asilimia 3.3 kila ikipanda nyuzi 10. Kwenye foleni ya Mombasa Road au Ubungo, hewa chini ya boneti inaweza kuwa na joto kubwa kuliko ya nje kwa nyuzi 20 au 30. Intakula ya STI nayo ipo juu ya injini chini ya tundu la boneti, haipati upepo gari likisimama, na yenyewe imeshaloweshwa na joto. Ukianza kukimbia, hewa ya koni hupoa ndani ya sekunde kadhaa, lakini chuma cha intakula kinachukua muda zaidi. Boksi la kiwandani linaloonekana kama plastiki ya ovyo ni kinga ya joto, na mdomo wake uko mahali ambapo upepo wa mbele unasukuma hewa ndani. Kwa hiyo koni ikibidi, ukuta wake ufike hadi kwenye boneti, uwe na mpira wa kuziba juu, na mfereji wa grili uelekezwe ndani yake. Bati lililosimama upande mmoja tu ni pambo.

Pima kabla ya kununua

Kizuizi kinapimika kwa mpira na maji. Chukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, wa mm 6 kwa ndani, urefu wa mita nne hivi. Toboa tundu dogo kwenye mfuniko wa boksi, upande wa baada ya kichungi lakini kabla ya MAF, pitisha ncha ya mpira na uzibe kuuzunguka. Mpira uingie ndani ya gari, ukunjwe kama herufi U kwenye ubao wenye rula, kila mguu uwe na urefu wa mita moja, ujazwe maji yenye rangi hadi katikati. Ncha nyingine ibaki wazi. Kwenye barabara iliyofungwa au uwanja wa mashindano, gia ya tatu, kanyaga hadi mwisho kutoka mizunguko 3,000 kwa dakika hadi karibu na kikomo, na abiria asome tofauti ya vimo vya maji. Sentimita 10 za maji ni karibu kPa 1.

Rudia bila kichungi? Hapana, hata kwa jaribio moja. Vumbi la mara moja linatosha kukwaruza. Rudia kwa kichungi kipya, kisha ukiwa umefungua mfereji wa mbele, ili ujue nani anabana. Mara nyingi kwenye STI kichungi kipya hakidai sehemu kubwa. Kona, mfereji na bomba la kwenda turbo ndivyo vinavyobana. Ukikuta kichungi chako cha zamani kimepoteza sentimita 15 zaidi ya kipya, umeshapata nguvu yako kwa bei ya kichungi. Ukimaliza, tundu lizibwe kwa plagi ya mpira na gundi ya silikoni, maana uvujaji mahali hapo unaingiza vumbi lisilochujwa.

Kufunga

Ondoa waya hasi wa betri. Chomoa plagi ya MAF kwa kubana kilimi chake, usivute waya. MAF imeshikwa na skrubu mbili za bisibisi ya nyota. Plastiki yake ni laini, kwa hiyo tumia bisibisi inayokaa sawasawa. Ukiitoa usiguse uzi. Kama ni chafu ipulizie dawa maalumu ya MAF na uiache ikauke yenyewe. Dawa ya kabureta huiharibu. Plagi ina waya tano, kwa sababu sensa ya joto la hewa imo humohumo.

Kwenye bomba jipya angalia mshale wa mwelekeo wa hewa. MAF ikifungwa kinyume gari litawaka, litatetemeka na kuzima. Mbele ya MAF panahitajika sehemu iliyonyooka ili hewa itulie. Kona mara tu kabla ya sensa hufanya usomaji uruke. Hata mshono wa ndani wa koni unaweza kuleta tofauti: ukiizungusha koni robo duara, masomo yanabadilika. Kwa hiyo ukishatyuni, weka alama ya rangi kwenye koni na kwenye bomba, na kila baada ya kuosha rudisha alama zikabiliane.

Klampu za bomba zikazwe hadi mpira usizunguke kwa mkono, basi. Ukizidisha, klampu inakata silikoni. Ukingo wa kichungi bapa upake grisi nyembamba kuzunguka. Inaziba mwanya na inashika vumbi linalojaribu kupita pembeni. Hakikisha vifungo vyote vya boksi vimelia. Kimoja kilichokatika kinatosha kufanya kichungi cha bei ghali kiwe bure.

Valvu ya kupunguza shinikizo irudishe hewa kwenye bomba, kama ilivyotoka kiwandani. Hewa hiyo imeshahesabiwa na MAF. Ukiipulizia nje kwa ajili ya ule mlio, kompyuta inatia petroli kwa hewa isiyokuwepo, gari linakohoa kati ya gia na plagi za cheche zinapata masizi.

Kutyuni MAF

Kwa EJ207 mafundi wengi hutumia kebo ya Tactrix OpenPort pamoja na programu za EcuFlash na RomRaider, ambazo ni za bure. Kazi ya kwanza ni kurekodi: volti za MAF, marekebisho ya papo kwa papo ya mchanganyiko, na yale yaliyojifunzwa. Endesha kwa mguu uliotulia kwenye kasi mbalimbali hadi kila kiwango cha volti kiwe na masomo mengi. Jumlisha marekebisho hayo mawili. Kama kwenye volti 2.0 kompyuta inaongeza asilimia 7, basi jedwali la MAF hapo lipandishwe kwa asilimia 7. Futa kilichojifunzwa, rudia, hadi jumla ibaki ndani ya asilimia 5 kila upande. Sehemu ya juu, ambako kompyuta haifuati tena sensa ya ekzosi, inapimwa kwa sensa pana ya mchanganyiko. Kwa petroli ya hapa chini ya mzigo kamili tunataka hewa 11.0 hadi 11.3 kwa petroli 1. Angalia pia namba ya IAM, ambayo ni imani ya kompyuta kwa petroli uliyoweka. Kwenye gari lenye afya inabaki 1.0. Ikishuka, acha kukanyaga, tafuta sababu.

Fundi asiyekuonyesha rekodi hizi kabla na baada hajatyuni kitu.

Dalili na sababu zake

Taa ya injini ikija na msimbo P0171, mchanganyiko ni mwepesi (petroli haitoshi kwa hewa): ama bomba la MAF ni pana na halijatyuniwa, ama hewa inavuja baada ya MAF. Kuzitofautisha ni rahisi. Uvujaji hudhihirika zaidi gari likiwa sailensa (linaunguruma bila kukanyagwa), kwa kuwa mwanya uleule ni sehemu kubwa ya hewa ndogo; kosa la kipenyo linaonekana hata kwenye mwendo. P0101 mara nyingi ni MAF chafu au hewa isiyotulia. P0102 ni plagi isiyokaa au waya uliokatika.

Kabla ya kulaumu kit, kagua lile bomba la mpira chini ya manifoldi. Kwa umri wa GRB zetu mpira umekakamaa, na hupasuka upande wa chini usioonekana, hasa pale mipira ya kupumua ya injini inapoungana. Ukipuliza moshi wa majaribio kwenye mdomo wa mbele utauona ukitokea chini ya manifoldi. Kulibadilisha ni kazi: intakula inatoka, manifoldi inanyanyuliwa, gasketi za manifoldi zinawekwa mpya. Za silikoni kutoka Perrin au Samco zinadumu. Epuka za bei ya kutupa zisizo na waya wa kuzikaza ndani. Zikipata moto, mfyonzo wa turbo unazifinya, gari linapoteza nguvu juu huku kila kitu kikionekana kizima ukisimama.

Kuna kipimo cha mwisho cha kichungi chochote, na hakihitaji kompyuta. Baada ya kilomita elfu moja mbili za barabara mchanganyiko, fungua bomba baada ya MAF, funga kitambaa cheupe kwenye kidole, pangusa ndani. Utando wa mafuta wenye rangi ya chai ni wa kawaida, unatoka kwenye mfumo wa kupumua. Ukisugua utando huo kati ya vidole ukasikia chembechembe, vumbi linapita, na kila chembe imepita turbo na ringi kabla ya kufika kwenye oili. Hata magari ya Safari Rally, mbio zilizorudi kwenye WRC (ubingwa wa dunia wa rali) mwaka 2021, yamewahi kuzibwa vichungi na fesh-fesh ya Naivasha, lile vumbi laini kama unga. Barabara ya kwenda shamba si tofauti sana.

Kama gari lako lilikuja bila boksi la asili, tafuta lililotumika kabla ya kufikiria kit mpya. Yanapatikana kwa wauza spea za Subaru zilizotoka Japani, Kirinyaga Road na Gerezani, mara nyingi kutoka kwenye magari yaliyokatwa nusu. Hakikisha ni la EJ207 ya GRB au VAB, lina mfereji wake wa mbele, vifungo vyote, na mdomo wa MAF usio na ufa. Pesa inayobaki iende kwenye kichungi kikavu, bomba la mpira likionekana limechoka, kisha saa mbili tatu za fundi wa kutyuni kwa petroli unayonunua kila wiki. Hapo kwenye kutyuni kwa petroli yako ndipo injini hii inaporudisha nguvu inayosikika kwenye kiti.